Mbolea Tunayoituma Nyumbani na Chemchemi Tunayotaka Kuinywa

Maneno ya kamati ya fedha kwenye mkutano mkuu wa mwaka na chakula cha hisani, Dar es Salaam



Kila mwaka kamati ya fedha hupewa nafasi hii baada ya chakula, wakati watu wameshiba na masikio yako kwenye muziki. Tunasoma mapato, tunasoma matumizi, mnapiga makofi, tunakaa. Taarifa ya fedha ya mwaka huu imechapwa ndani ya kijitabu hiki na mkaguzi ameipitia, kwa hiyo hatutaisoma. Tunaomba dakika hizo tuzitumie kwa jambo moja tulilokutana nalo ndani ya hesabu zenyewe.

Mnakumbuka mkutano uliopita tulipitisha mambo mawili. La kwanza, chama kiendelee kununua mbolea kwa kaya zisizo na mtu wa kuzisaidia, na wanachama wengine tuhimizane kutuma fedha za mbolea kwa wazazi. La pili, tuanze kuchanga kwa ajili ya maji ya mserereko kutoka ile chemchemi iliyo chini ya vinyungu, ili mabomba yafike shuleni na zahanati. Mambo yote mawili yalipita kwa kauli moja, na kwa kweli ni mazuri. Tulipokuja kuyaweka kwenye karatasi moja ndipo mmoja wetu akauliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake: mbolea isiyoingia kwenye mahindi inakwenda wapi?

Katika uhasibu fedha haipotei hivihivi. Ikitoka hapa lazima ionekane pale. Isipoonekana, kuna mtu anaitwa ofisini. Basi tukaanza kuifuatilia mbolea kama tunavyofuatilia fedha. Tumeuliza mabwana shamba, tumesoma, na mwezi wa kwanza watatu kati yetu tulikwenda nyumbani kuangalia kwa macho. Tunajua mhasibu wa mjini akizungumzia kilimo watu hucheka. Cheki basi, lakini tusikilizeni.

Tuanze na mfuko wenyewe. Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23. Hiyo ndiyo bidhaa mnayoinunua. Kilo 27 zilizobaki ni vibebeo tu. Mfuko wa DAP tunaoupandia una naitrojeni asilimia 18, yaani kilo 9, na sehemu yake kubwa ni fosforasi ya kujenga mizizi. CAN ina asilimia 27 au karibu na hapo, yaani kilo 13 na nusu hivi. SA ina asilimia 21. Kwa hiyo mtu akikwambia "nimeweka mifuko mitatu" hajakwambia kitu mpaka ataje ni mifuko ya nini. Urea tukiikadiria kwa 70,000 kwa mfuko, bei ambayo wengi wetu tuliizoea ruzuku ilipoanza msimu wa 2022/2023, kila kilo ya naitrojeni ni kama shilingi 3,000. Ishikeni namba hiyo.

Sasa upande wa pili wa daftari. Gunia la mahindi la kilo 100 linaondoka shambani na naitrojeni ya kama kilo moja na nusu ndani ya punje. Ekari inayotoa gunia 20 imepeleka ghalani kilo 30. Ekari inayotoa gunia 8 imepeleka kilo 12.

Chukua ekari iliyowekewa DAP mfuko mmoja na urea mifuko miwili. Zimeingia kilo 55. Ikitoa gunia 20, kilo 30 ziko ghalani, nyingine ziko kwenye mabua, nyingine zimebaki udongoni, na hesabu inaelekea kueleweka. Lakini ekari hiyohiyo ikitoa gunia 8, kuna kilo 43 ambazo hazimo kwenye gunia. Hiyo ni karibu mifuko miwili ya urea. Mabua nayo wengine tunayachoma, na naitrojeni yake inapaa na moshi. Tukiwa ofisini tungeandika hapo "hazina maelezo" na tungemwita mtu.

Kwa haki ni lazima tuseme pia upande mwingine, maana wapo watakaotoka hapa wakisema kamati ya fedha inapinga mbolea. Kaya nyingi nyumbani hazina tatizo la mbolea nyingi. Zinaweka nusu mfuko wa urea, kilo 11 na nusu, zinavuna gunia 10, zinaondoa kilo 15. Hizo zinakula mtaji wa udongo kila mwaka. Wakuu wa nchi za Afrika walipokutana Abuja mwaka 2006 walikubaliana bara lifikie kilo 50 za virutubisho kwa hekta, na walikuwa na sababu nzuri ya kusema hivyo. Tatizo letu ni kwamba katika kijiji hichohicho kuna shamba lina njaa huko juu, na kuna kinyungu huku bondeni kinachomwagiwa mpaka kinatapika. Ukichukua wastani wa kijiji utaona mambo ni shwari, na wastani huo utakudanganya.

Naitrojeni ina milango mitatu ya kutorokea.

Mlango wa kwanza ni hewani. Urea ikimwagwa juu ya udongo wenye unyevu kidogo, kisha jua likawaka na mvua isije, inageuka kuwa amonia na kupaa. Ile harufu kali inayochoma pua ukipita shambani siku ya pili au ya tatu, hiyo ni fedha ya mtoto aliyeko Dar inaondoka. Katika hali mbaya robo ya naitrojeni, na hata zaidi, inaweza kwenda hivyo ndani ya siku chache. Dawa yake ni jembe tu: fukia sentimita tano hivi, pembeni kidogo ya shina, au weka siku ambayo mvua ya wastani inakuja nyuma yako. Mwezi wa kwanza tulimkuta mama mmoja anamwaga urea mstari mzima kwa kutembea, saa sita mchana. Tulipomuuliza kwa nini hafukii, alitujibu bila kutuangalia: "Mlituma fedha za mbolea, hamkutuma za kibarua wa kufukia." Tulinyamaza. Ni kweli hatukutuma.

Mlango wa pili ni chini. Udongoni urea hugeuka hatua kwa hatua mpaka kuwa naitreti, na naitreti hushikwa na udongo kidogo sana. Inasafiri na maji. Mvua kubwa ikija na mizizi haijafika au haina kazi nayo, naitreti inashuka kupita mizizi na kuendelea kushuka. Mlango wa tatu ni pale shamba linapotuama maji: vijidudu vya udongoni vikikosa hewa huvunja naitreti kuwa gesi. Sehemu ya gesi hiyo haina madhara, lakini sehemu nyingine ni ile inayotia joto dunia kuliko hewa ya ukaa kwa mara zaidi ya 250 kwa uzito uleule. Kwetu sisi wa bondeni mlango huu tusiuzungumze sana leo. Kwa chemchemi yetu, wa pili ndio unaotuhusu.

Na hapa inabidi tujiseme wenyewe, kwa sababu mlango wa pili funguo zake tunazo sisi wa mjini.

Kwetu mahindi yanapandwa Novemba hadi Desemba. Hindi likiwa dogo halili kitu cha maana. Linaanza kula kwa nguvu likifika magotini, majani sita hadi nane, na linakula hivyo mpaka linapotoa mbelewele. Likitoa mbelewele na ndevu, karibu theluthi mbili ya naitrojeni yote litakayohitaji imeshaingia ndani yake. Sasa fungua simu yako uangalie ni lini ulituma fedha za mbolea ya kukuzia. Sisi kamati tuliangalia zetu. Desemba kuna Krismasi. Januari kuna ada. Fedha za mbolea zilitoka katikati ya Februari, na mmoja wetu alituma mwezi wa tatu. Mzazi hakatai fedha. Ananunua, anamwaga. Mahindi yameshapita umri wa kula, mvua za Machi na Aprili zinapiga bila huruma, na ule mfuko unashuka moja kwa moja kuelekea bondeni. Tumekuwa tukilalamika hapa miaka yote kwamba wazee hawafuati utaalamu, kumbe ratiba ya shamba inapangwa na mishahara yetu.

Jambo la chokaa litachukua sentensi chache ingawa lina uzito wake. Udongo wetu mwingi ni mchachu, na urea, DAP na SA zinauzidishia uchachu mwaka hadi mwaka. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5, madini ya aluminiamu yanaanza kuumiza mizizi, na mzizi uliokatika ncha hauwezi kunywa mbolea hata ukimwekea mifuko mitano. Mtu anaona mahindi ya njano anaongeza urea. Urea inazidi kuchachusha. Kuna ekari nyumbani ambazo kitu cha kwanza zinachohitaji ni chokaa ya kilimo, na hutajua ni zipi bila kupima. Kituo cha utafiti cha TARI Uyole kiko Mbeya, si mbali na sisi. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wanapima. TARI Mlingano, Tanga, kazi yao ni udongo. Sisi tunapima gari kila baada ya miezi mitatu na shamba lililotusomesha hatujalipima hata mara moja.

Sasa maji.

Chemchemi yetu mnaijua. Wengi wetu tumebeba ndoo kutoka pale. Zamani juu yake palikuwa na mivengi na matete, na bibi zetu hawakuruhusu mtu kufua karibu. Leo juu yake kuna vinyungu vya kaya saba, viazi mviringo, kabichi na nyanya, na pembeni kuna milingoti ambayo sote tunajua inavyokunywa maji. Kinyungu kinalimwa kiangazi, kinamwagiliwa, kinapata mbolea nyingi kuliko shamba lolote la mlimani kwa sababu ndicho kinachotoa fedha za haraka. Viazi vina mizizi mifupi. Ukivimwagilia kupita kiasi unakuwa umeisukuma naitreti chini ya mizizi kwa mkono wako mwenyewe, na chini ya mizizi ile, hatua chache kwenda mbele, ndipo tunapotaka kuweka tangi.

Naitreti kwenye maji haina rangi, haina harufu, haina ladha. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita ya maji ya kunywa. Kikomo hicho kimewekwa hasa kwa ajili ya mtoto mchanga wa chini ya miezi sita anayelishwa maziwa ya kopo au uji uliokorogwa kwa maji hayo. Tumboni mwake naitreti hugeuka na kuingia kwenye damu, damu ikashindwa kubeba hewa sawasawa, mtoto akawa wa bluu midomoni na vidoleni. Daktari mmoja wa Iowa, Marekani, Hunter Comly, alieleza jambo hili mwaka 1945 baada ya kuwaona watoto waliolishwa maziwa yaliyochanganywa na maji ya visima vya mashambani. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama peke yake yuko salama zaidi, na hilo akina mama wa zahanati walishatuambia kwa sababu nyingine nyingi.

Kilichotushtua sisi ni hiki: kuchemsha hakusaidii. Tumezoea kwamba maji yakichemka yamepona. Vijidudu vinakufa, ndiyo, lakini naitreti inabaki yote, na kwa kuwa maji yamepungua kwa mvuke, inakuwa nzito zaidi. Dawa ya klorini haiiondoi. Chujio la kawaida haliiondoi. Iowa hiyohiyo, mji wa Des Moines ulilazimika kujenga mtambo mahususi wa kuondoa naitreti kwenye maji ya mto mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wanaulipia kila wanapouwasha. Hao wana mtambo. Sisi mchango wetu ukikamilika tutakuwa na tangi, bomba na koki.

Si vinyungu peke yake. Choo cha shimo na zizi karibu na chanzo hupeleka naitreti ileile. Samadi iliyorundikwa nje bila paa, ikanyeshewa kifuku chote, nguvu yake inaishia kwenye mfereji, na mwenye zizi anabaki kubeba majani makavu akidhani amepeleka mbolea shambani. Kuiezekea kwa nyasi au turubai ni kazi ya siku moja.

Chemchemi yetu ilipimwa vijidudu wakati wa andiko la mradi. Naitreti haikuwemo kwenye orodha ya vipimo tulivyolipia, na kosa hilo ni letu, tulibana bajeti. Tunataka ipimwe mara nne ndani ya mwaka mmoja: mwishoni mwa kiangazi, mvua za kwanza zinapogonga, katikati ya masika, na baada ya mavuno. Kipimo kimoja cha Agosti kinaweza kutufurahisha bure.

Tulipofika nyumbani tuliomba kikao na wenye vinyungu. Tulikwenda na sheria mkononi, maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Tuliisoma kwa ukamilifu. Mzee mmoja, ambaye wengi wenu ni wajukuu zake kwa namna moja au nyingine, alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Hiyo mita sitini mmeipima leo. Mwaka mliofaulu kwenda sekondari kinyungu kilikuwa hapohapo." Akataja majina. Wawili kati ya majina hayo walikuwa wamekaa mbele yake na karatasi ya sheria.

Hatukuwa na jibu siku ile, na hatutajifanya hapa kwamba tulikuwa nalo. Vile vinyungu vimelipa ada zetu. Kumwambia mtu ahame ili sisi tupate picha ya uzinduzi wa bomba ni jambo gumu. Lakini vilevile mtungi wa shule na wodi ya wazazi utajazwa kutoka pale. Tulirudi tena baada ya siku mbili, bila karatasi, na tukakaa mpaka jioni tukiwa na ulanzi katikati. Yaliyotoka kwenye kikao hicho cha pili ndiyo tunayowaletea kama ombi.

Kaya zote saba zimekubali kushuka chini ya chanzo, kwenye eneo ambalo serikali ya kijiji imelionyesha, iwapo chama kitasaidia mambo mawili: kuchimba mfereji na bwawa dogo la kumwagilia huko chini, na kuziba pengo la msimu mmoja ambao watakuwa hawajavuna. Kwa mfereji itabidi tufuate kibali cha matumizi ya maji kwa Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, maana maji yetu huishia huko. Mita 60 zitarudishiwa mivengi na matete, na milingoti itakatwa. Nje ya mita hizo, kabla ya mashamba kuanza, watapanda ukanda wa majani ya tembo. Majani hayo yana mizizi yenye kiu na yatanywa sehemu ya naitreti inayoshuka kutoka juu, na mwenye ng'ombe wa maziwa atayakata kila baada ya wiki kadhaa. Hapo mbolea iliyopotea inarudi kama maziwa. Mama mmoja alisema anautaka ukanda huo upite mbele ya kwake. Tuliandika jina lake la kwanza kwenye orodha.

Mzee aliyetuuliza kuhusu ada alikubali wa mwisho. Alisema atahama baada ya kuona mfereji una maji, si kabla. Tunaona ana haki, na tumeipanga bajeti hivyo: mfereji kwanza, uzio baadaye.

Upande wa mashamba ya juu tunapendekeza chama kibadili namna ya kutoa mbolea. Badala ya kununua mifuko na kuigawa sawasawa kama mchele wa msibani, tutumie sehemu ya kifungu hicho kupima udongo wa vitongoji vyote kwanza, na kila kaya ipewe kulingana na majibu: wengine urea, wengine chokaa, wengine mbegu ya maharage au soya ya kuchanganya na mahindi. Jamii hiyo ya mimea ina vijidudu mizizini vinavyochukua naitrojeni hewani bila kudai risiti. Maharage si hodari sana katika hilo ukilinganisha na soya au mbaazi, lakini yanaliwa nyumbani, na mtu hulima anachokula.

Fedha za mbolea zitoke mapema. Tumeweka tarehe: ya kupandia ifike kabla ya mwisho wa Oktoba, na ya kukuzia iwe tayari ghalani kabla ya Krismasi, isubiri mahindi badala ya mahindi kuisubiri. Wanachama tutakatwa kidogokidogo kuanzia mwezi wa tano ili Desemba isitukute mikono mitupu. Wale mnaotuma wenyewe kwa simu tunawaomba mfuate ratiba hiyohiyo, na mkituma za mfuko, ongezeni za kibarua wa kufukia. Urea iwekwe kwa awamu mbili, magotini na tena kabla ya mbelewele. Usihesabu wiki, angalia mmea, maana baridi yetu hulichelewesha hindi kuliko vitabu vinavyosema.

Kuhusu kipimo, kuna jambo dogo lililotupendeza sisi watu wa hesabu. Ukipanda kwa sentimita 75 mstari hadi mstari na 60 shimo hadi shimo, mimea miwili kila shimo, ekari ina mashimo kama 9,000. Mfuko wa kilo 50 ukigawanywa humo ni gramu tano na nusu kwa shimo. Kifuniko cha soda kilichosawazishwa kinabeba kama hizo gramu. Kwa hiyo kifuniko kimoja kila shimo, mfuko mmoja ekari moja. Ukitumia ngumi ya mkono unaweka mara kadhaa ya hapo, mfuko unaisha katikati ya shamba, nusu moja inakula mpaka inavuja na nusu nyingine haioni kitu. Tulikwenda na mfuko wa vifuniko kutoka baa moja ya Sinza, na ndiyo zawadi iliyogombaniwa kuliko fulana za chama.

Tunajua wapo kati yenu mliokuja tayari kutoa mifuko mia, na mifuko inaonekana vizuri kwenye picha kuliko bahasha ya majibu ya udongo. Mjumbe mmoja wa kamati kuu alituambia wazi kwamba hakuna mgeni rasmi atakayekuja kuzindua kipimo cha naitreti. Huenda ni kweli. Mtoaji wa mifuko hatutamrudisha, ila tutamwomba akubali mifuko yake isubiri majibu ya udongo kabla ya kupanda gari.

Fomu ya ahadi iko katikati ya kijitabu hiki na ina mistari minne: kupima udongo, kupima maji mara nne, mfereji, bwawa na msimu wa mpito wa kaya saba, na mfuko wa mbolea wa mapema. Unaweza kuchagua mmoja au yote. Atakayeandika "popote" tutampeleka kwenye mfereji kwanza, kwa sababu tuliyoieleza. Matumizi ya kila mstari yatasomwa mkutano ujao peke yake, pamoja na majibu ya vipimo vya maji yakiwa mazuri au mabaya.

Sampuli za udongo zitachukuliwa mwezi wa nane, mashamba yakiwa yamevunwa. Vijana wa sekondari mtakaokuwa likizo nyumbani mnahitajika siku tatu. Ndoo na mifuko ya sampuli vipo kwa katibu wa tawi la kijiji, jembe kila mmoja aje na lake.